Chokaa kwenye Mbetula wa Erna

Babu yangu Augusts anaamini kwamba mgeni akija nyumbani, kitu cha kwanza kuandaliwa ni mashina ya miti. Chakula kitafuata, ufagio utafuata. Siku nilipohitimu chuo cha kilimo cha bustani, baba na mama walipofika kutoka Riga na keki yao kwenye boksi, walikuta mitufaa yetu yote imepakwa chokaa hadi usawa wa kifua, mistari imenyooka kana kwamba ameipima kwa uzi. Ilisimama uani kama watoto wa shule waliovaa soksi nyeupe. Babu mwenyewe alikuwa amekaa kwenye ngazi za mlango, chokaa mpaka kwenye nyusi, anasubiri kusifiwa.

Kwetu kila mtu hupaka, na sababu ipo. Baridi inapokaribia kuisha, jua huchoma mchana na barafu hurudi usiku, na gome lililopashwa moto kisha likagandishwa hupasuka. Chokaa hulirudisha jua lilikotoka. Lakini Babu angepaka hata nguzo za umeme kama wangemruhusu. Kwake yeye, shina lisilo na chokaa ifikapo mwisho wa Aprili ni sawa na mtu aliyetoka nje bila suruali.

Mti mmoja tu hakuwahi kuugusa, na huo ulikuwa mbetula wa Bibi Erna, kando ya kisima.

Mibetula tunayo mingi. Nyuma ya banda la ng'ombe kuna msitu mzima wa ile ya kawaida, myeupe yenye madoa meusi. Kila Machi Babu huitoboa tukanywa maji yake, na kila Juni hukata matawi ya kufunga vifagio vya kujichapia tunapooga kwenye nyumba ya mvuke. Gome lake, linalobanduka kama karatasi, tunawashia jiko. Hakuna mtu kijijini aliyewahi kufikiria kupanda mbetula. Ingekuwa kama kupanda magugu.

Isipokuwa Bibi. Alikuwa na rafiki wa barua huko Estonia, mwanamke aliyependa miti ya mapambo, na majira ya kuchipua nilipokuwa na miaka kumi na tano bahasha ilifika ikiwa na mbegu za mibetula ya milima ya mbali, ile ambayo gome lake hutoka na rangi. Mbegu zenyewe ni nyepesi kama makapi. Ukipiga chafya, umepoteza bustani. Bibi alizitandaza juu ya mchanga kwenye trei ya kuokea mkate, hakuzifukia kwa sababu zinataka mwanga, akaweka kioo juu, akaiacha trei nje kwenye theluji ya mwisho.

"Miaka minne utaona fimbo za kahawia tu, Vizma," aliniambia. "Watu watakucheka. Waache wacheke, wewe mwagilia."

Ilichipua miche arobaini. Paa walitoka msituni wakala karibu nusu. Panya wa shambani walitafuna mizizi ya mingine. Iliyobaki ilikua, na isipokuwa mmoja, ule wa kando ya kisima, ikatoa gome jeupe lile lile la porini, tukaigawa. Bibi alifariki katika majira ya tatu ya baridi, huku mche wa kando ya kisima ukiwa bado fimbo ya kahawia, mrefu kama yeye mwenyewe.

Ulipofikisha mwaka wa tano, ganda lile la kahawia lilipasuka. Ilikuwa asubuhi, nilikwenda kuchota maji, nikaona mkunjo mmoja umejiviringisha, na chini yake rangi ambayo hadi leo sina neno lake. Si waridi, si shaba. Ukichukua ganda la yai la kuku mwekundu ukalishika mbele ya jua, ukatazama kwa ndani, unakaribia. Kila mwaka rangi ile ilipanda kidogo kutoka chini kwenda juu. Mwaka huu ninaousimulia ilikuwa imefika usawa wa kifua changu, na juu yake shina lilikuwa bado la kahawia.

Jirani yetu Mirdza, mjane mwenye ulimi kama wembe, alikuja kuuona akainamisha kichwa upande mmoja.

"Rangi ya maini ya kuchemsha," alisema. "Unaumwa huo. Upeni dawa."

Babu alicheka naye. Mimi sikusema kitu. Mimi mara nyingi sisemi kitu, halafu usiku ninatunga majibu mazuri sana.

Shida ya mti wa namna hii ni kwamba upo mmoja. Ukipanda mbegu zake hutapata rangi ile, utapata bahati nasibu. Njia pekee ni kuubebesha: unakata vikonyo vyake na kuvipandikiza kwenye mashina ya mibetula ya kawaida. Nilijaribu mara tatu. Mbetula ukiukata unalia maji kama bomba bovu, na mara zote tatu vikonyo vyangu viliozea kwenye maji yao wenyewe. Mtu mmoja tu katika sehemu zetu mibetula yake ya kubebesha hushika, naye ni Gunvaldis, mwenye kitalu cha miche ng'ambo ya mto Gauja. Nilimwandikia barua. Niliiandika mara kumi na moja. Nikatia na picha.

Jibu lake lilikuwa na mistari miwili. "Picha zinadanganya, mimi nanunua kwa macho yangu. Nitapita Jumatano baada ya siku ya usafi, mara moja tu, maana orodha ya miche mipya naifunga wiki hiyo."

Nilichokitaka kilikuwa kidogo. Nilitaka mti wa Bibi Erna upate wenzake kwenye nyua za watu, na kwenye kile kibandiko cha plastiki kinachoning'inia shingoni mwa mche liandikwe jina lake. Nilitaka hivyo kwa sababu yeye ndiye aliyengoja na sisi ndio tuliofaidi kuona.

Babu nilimwambia tu, "Jumatano anakuja mtu kuutazama mbetula." Hapo ndipo kosa langu lilipo. Sikumwambia anakuja kutazama nini.

*

Siku ya usafi, Jumamosi ya mwisho ya Aprili, nchi nzima hutoka na reki. Mimi na Mirdza tulipewa makaburi. Tulikusanya majani makavu, tukachoma, kisha kila mmoja akaenda kwa mtu wake. Mchanga wa kaburi la Bibi niliuchora kwa reki mistari ya mawimbi, nikirudi nyuma hatua kwa hatua hadi kwenye njia, ili nisiache nyayo. Alikuwa akinikemea sana kuhusu nyayo.

"Huyo mgeni wako wa Jumatano," Mirdza aliuliza kutoka kaburi la pili, "ameoa?"

"Mama Mirdza, ana miaka sitini na kitu."

"Kwani nimeuliza kwa ajili yako?"

Tulirudi mchana tukiwa tunanuka moshi. Babu alikuwa ametusubiri langoni. Nyusi zake zilikuwa nyeupe.

"Fumba macho, Vizma," alisema, akanishika mkono. Kiganja chake kilikuwa kikavu, kimepasuka kwa chokaa. Alinipitisha kwenye mitufaa, nikasikia harufu ya chokaa mbichi, nikatabasamu kwa sababu harufu hiyo kwangu ni harufu ya yeye. Tukaendelea kutembea. Tukaendelea kupita kiasi.

"Haya, fumbua."

Mbetula wa Bibi Erna ulikuwa mweupe. Kuanzia mizizini hadi kifuani, mweupe pe, na juu yake mstari ulionyooka kuliko yote aliyowahi kuichora.

"Nimeona aibu," Babu alisema. "Mgeni anatoka ng'ambo ya mto kuja kuutazama, halafu mti wenyewe uko uchi na rangi ile yake. Nikasema hapana, huu ni mti wa Erna, leo utavaa." Alilipapasa shina. "Nimepaka mara tatu. Na nimetia maziwa yaliyotolewa siagi, lita nzima, ili ishike. Hata mvua ya mwezi mzima haitoi hii."

Nilifungua mdomo. Uso wake ulikuwa umejaa furaha kama mtoto aliyekutengenezea kadi.

"Asante, Babu," nilisema.

Nadhani ningeishia hapo. Nadhani ningemwacha Gunvaldis aje na aondoke na nisingesema neno hadi leo. Lakini Mirdza alikuwa amesimama nyuma yetu na reki yake.

"Augusts!" alipiga kelele. "Wee mzee, umeingiwa na nini? Mgeni anakuja kuangalia gome! Rangi ya gome! Mtoto amenisimulia njia nzima!"

"Gome?" Babu alinigeukia. "Ile rangi?"

"Ndiyo, Babu."

"Ile ya... maini?"

"Ndiyo."

Alitazama mti, akatazama brashi yake ndani ya ndoo. "Mimi nilidhani ile rangi tunaivumilia tu," alisema polepole. "Kwa sababu ni mti wake. Nilidhani Erna alitaka mweupe kuliko wa porini, akakosa bahati."

Mirdza, ambaye kwa miaka minne ndiye aliyeuita maini, alikuwa na adabu ya kutazama chini.

*

Tuliuosha. Chokaa ilikuwa bado mbichi, nikasema labda tutaiwahi. Nilileta maji ya uvuguvugu na sponji laini, nikawakataza brashi, kwa sababu gome la mbetula ni jembamba na brashi hulichana. Tulisugua kwa zamu, Babu akiwa amepiga magoti kwenye tope na kuzungumza na shina kama anavyozungumza na ng'ombe wakati wa kuzaa. "Haya mama, taratibu mama." Maji meupe yalitiririka hadi kwenye nyasi. Ilipofika saa kumi na moja rangi ilirudi. Ilionekana yote, inang'aa, na Mirdza akapiga makofi akasema hakuwahi kuona maini mazuri kiasi hicho. Babu alikwenda ndani akatoka na mkate mweusi na jibini, tukala tumesimama, mikono yetu ikiwa imekunjamana kama ya wafu.

Jumapili asubuhi nilipofungua dirisha, mti ulikuwa mweupe tena.

Chuoni nilifundishwa hili, na furaha ilinisahaulisha: chokaa ikiwa imelowa huwa kama kioo, na ikikauka ndipo inajionyesha. Tulichokiosha kilikuwa juu juu tu. Kilichobaki kilikuwa kimeingia kwenye kila mkunjo, na maziwa ya Babu yamekishikilia. Weupe wenyewe haukuwa hata mzuri sasa. Ulikuwa na michirizi, kama dirisha lililofutwa kwa gazeti.

Tulisimama mbele yake watatu. Upande wa kusini, karibu na goti langu, mkunjo mmoja wa gome ulikuwa umeinuka kidogo pembeni. Ndani yake, kwa upana wa ukucha, ilionekana ile rangi.

"Ona hapo," Mirdza alinong'ona, kana kwamba mti ungesikia. "Si unabanduka wenyewe? Shika hapo uvute. Kama kumenya soseji. Chokaa yote inatoka na ganda lake, chini kuna jipya."

Alikuwa na akili. Na mimi nilikuwa nimeshaliwaza hilo kabla yake, tangu nimefungua dirisha. Nilichuchumaa nikashika pembe ya mkunjo kwa vidole viwili. Ulikuwa mlaini na baridi. Nikavuta kidogo tu, ukakubali upana wa kidole kimoja, kisha ukakaza. Nilihisi ukikaza, kama unapovuta kitambaa kilichoshika kwenye kidonda.

Nikaachia.

"Mbona umeacha?" Babu aliuliza.

"Tabaka la chini halijawa tayari. Ukilivua kabla ya wakati wake, linakuwa jeusi. Pete nyeusi, na haitoki tena."

"Mti utakufa?"

"Hapana. Hautakufa. Ila hapo utakuwa mweusi maisha yake yote."

"Na usipovuta?"

"Utajibandua wenyewe. Juni, Julai. Yeye anakuja Jumatano."

Babu aliketi kwenye ukingo wa kisima. Alikuwa amevaa koti lake la Jumapili na kwenye mfuko wa juu kulikuwa na tone la chokaa.

"Vuta," alisema. "Mbele tu, atakaposimama. Kosa ni langu mimi, siyo lako, na huyo mtu haji mara mbili. Pete moja nyeusi ni nini? Hata mimi nina kovu la apendiksi."

"Babu."

"Nakuambia vuta."

"Bibi angefanyaje?"

Alifikiri. "Angenipiga na ufagio."

"Halafu?"

Alilikwangua lile tone la chokaa kwa ukucha. Mirdza alikuwa akichora chini kwa ncha ya kiatu.

"Halafu angengoja," Babu alisema. "Alikuwa na subira ya kuudhi, yule mwanamke."

Nilitia udongo mbichi kidogo kwenye pembe niliyoinua, nikaufunga kwa utepe wa kitambaa, laini.

*

Jumatatu nilijilazimisha kupiga simu. Kupiga simu kwangu ni kazi ngumu kuliko kuchimba shimo. Niliandika maneno kwenye karatasi, nikafunga mlango, na Babu akaufungua akaja kusimama karibu yangu na kofia mkononi.

"Sema," Gunvaldis aliitikia. Nyuma yake kulikuwa na mngurumo wa trekta.

"Naitwa Vizma. Nilikuandikia kuhusu mbetula. Mzee, nataka kukuambia kuna chokaa."

"Chokaa iko wapi?"

"Kwenye mti. Kwenye gome. Sehemu yote yenye rangi."

Mngurumo ulizimika. "Nani amepaka?"

Kwenye karatasi yangu swali hilo halikuwepo. Babu alikuwa akinionyesha kifua chake kwa kidole, mimi, mimi, mwambie ni mimi.

"Sisi," nilisema.

Nilisikia mlango wa trekta ukifungwa.

"Mmebandua?"

"Hapana."

"Hm," alisema, na simu ikakatika.

Hatukujua kama hiyo ilikuwa ndiyo au hapana. Babu alisema mtu akisema "hm" maana yake haji. Hata hivyo, Jumanne alifagia njia nzima hadi barabarani.

*

Alikuja. Gari lake dogo la mizigo lilisimama langoni Jumatano saa nne asubuhi, naye akashuka, mtu mwembamba mwenye buti za mpira, akaipita mitufaa bila kuitazama. Mirdza alikuwa ametokea uani kwetu kwa bahati, akiwa amevaa hereni.

Gunvaldis alisimama mbele ya mbetula, mikono mgongoni. Alisimama muda ambao ungetosha kunywa kahawa.

"Mstari mzuri," alisema mwishowe.

"Asante," Babu alijibu kabla hajajizuia.

"Subiri kwanza!" Mirdza alisema, na kabla sijaelewa anafanya nini alikuwa ameshaitwaa ndoo ya kisimani akaimwaga yote kwenye shina. Maji yalimrukia Gunvaldis kwenye buti. Kwa nusu dakika rangi ilijitokeza nyuma ya chokaa, hafifu, kama mtu anayepita nyuma ya pazia.

"Umeona?" Mirdza alidai. "Umeona?"

"Nimeona pazia," Gunvaldis alisema. "Mama, mimi siwezi kuuza pazia." Akanigeukia, na sauti yake haikuwa mbaya. "Binti, nakuamini. Lakini nakuamini wewe, siyo mti. Nikiuweka kwenye orodha, nautengea mashina mia, na miaka mitatu ya kungoja. Sijui kama rangi yake inadumu au inafifia kila gome jipya linapotoka. Ile ndiyo ningetazama, kila tabaka. Na sioni hata moja."

Nilitaka kumjibu. Nilikuwa na majibu, niliyatunga usiku. Nilisema, "Ndiyo, naelewa," na macho yakaanza kuniwasha, nikainamia utepe wa kitambaa kana kwamba una shida.

Nilipoinua kichwa, Babu hakuwepo.

Alirudi kutoka ghalani akiwa ameshika mkebe wa biskuti, ule wa zamani wenye picha ya paka, ambao Bibi alikuwa akiwekea vifungo vya nguo. Aliushika kwa mikono miwili. Masikio yake yalikuwa mekundu.

"Nimekuwa nikiwaza kuuleta tangu Jumamosi," alisema, akimwambia Gunvaldis lakini akitazama kisima. "Nikaona haya. Mzee mzima anakusanya takataka."

Ndani mlikuwa na magome. Mikunjo myembamba, kama karatasi za sigara zilizojiviringisha, imepangwa safu juu ya safu, na kati ya safu na safu kuna gazeti. Kila safu ilikuwa na kipande cha karatasi kilichoandikwa kwa penseli, kwa mwandiko wake wa kubana: mwezi, mwaka. Miaka minne. Kila kilichoanguka kutoka kwenye mti ule, tangu siku ya kwanza ulipojibandua.

"Babu," nilisema.

"Magome ya porini tunawashia jiko," alisema upesi, kama anayejitetea. "Haya ni ya kwake. Ningeyachoma vipi? Nilitia jikoni moja tu, mwaka ule wa kwanza, nikalitoa. Niliungua kidole."

Gunvaldis alichukua mkunjo wa juu, akaunyoosha taratibu kwa kidole gumba, akauinua kwenye jua. Rangi ilipita ndani yake kama taa. Akachukua wa mwaka wa pili. Akachukua wa tatu. Akaipanga minne kwenye ukingo wa kisima, mmoja kando ya mwenzake, akaiwekea kokoto isiruke. Mkunjo wa mwaka wa kwanza ulikuwa umepauka kidogo. Wa pili ulikuwa na rangi zaidi. Wa nne ulikuwa ile rangi yenyewe, ya ndani ya ganda la yai.

"Inazidi," alisema. "Haififii. Inazidi." Kisha akapiga magoti kwenye nyasi zilizolowa, akalizunguka shina lote, akipitisha kiganja juu ya chokaa. Aligusa kitambaa changu.

"Hapa uliinua."

"Ndiyo. Kidogo. Nikaacha."

"Kila ua ninaloingia," alisema akiwa bado amepiga magoti, "watu wamenibandulia. Wanataka mti ung'ae siku hiyo. Narudi mwaka unaofuata kuchukua vikonyo, nakuta pete nyeusi, na mti umechoka." Alisimama, goti likalia. "Nitakuja Januari, mti umelala, kabla maji hayajapanda. Vikonyo kumi. Na wewe utakuja kitaluni nikuonyeshe unavyokosea, maana ni wazi unakata wakati mti unalia maji. Jina?"

Swali hilo nilikuwa nimelisubiri miaka minne.

"Erna," nilisema. Ilitoka kwa sauti kubwa kuliko nilivyotaka. Kuku walinitazama.

"Erna ni nani?"

"Mke wangu," Babu alisema. "Alikuwa mkali sana."

Gunvaldis aliandika kwenye daftari lake. Babu alimtazama akiandika, herufi kwa herufi, kisha akakohoa.

"Hao watu watakaonunua," alisema. "Watu wa mijini. Watajua lakini? Kuhusu chokaa?"

"Nitaandika kwenye kibandiko," Gunvaldis alisema bila kutabasamu. "Chini ya jina. Usipake chokaa."

"Iandike kwa wino," Babu alisema.

Mirdza akatangaza kwamba keki ya jibini imekaribia kuungua nyumbani kwake, na kwamba kwa bahati inawatosha watu wanne.

*

Mbetula ulijibandua katikati ya Juni, siku chache kabla ya sikukuu ya kiangazi, wakati kila nyumba inakata matawi ya mbetula na kuyasimamisha mlangoni. Babu alikaa kando ya kisima siku tatu mfululizo na kofia yake ya majani ya mwaloni, akidai anapunga upepo. Watu waliokuja na visu aliwaelekeza nyuma ya banda la ng'ombe.

Gome lilitoka na chokaa yake, mikunjo mirefu, nje nyeupe na ndani ya rangi, na chini yake shina lilikuwa jipya na safi, na rangi imepanda hadi shingoni mwangu. Pale kwenye kitambaa palikuwa na alama nyeusi ndogo kama mbegu ya tufaa. Hiyo ni yangu.

Sikukuu ilipopita nilikwenda ghalani kutafuta kamba, nikaukuta mkebe wa paka haukufungwa vizuri. Najua haikuwa adabu, lakini niliufungua. Safu mpya ilikuwa juu, imepangwa kama zile nyingine, na kipande chake kimeandikwa kwa penseli, kwa ule mwandiko wa kubana. Mwezi na mwaka. Na chini yake, kwa herufi ndogo zaidi, kana kwamba Bibi Erna angepita kukagua: "Chokaa ni yangu. Aliyengoja ni Vizma."

Niliufunika. Nje nilimsikia akimwambia Mirdza kwamba mwakani, kwa kuwa mgeni anakuja Januari, atapaka mitufaa mapema.